TAARIFA YA TAWI KWA WANACHAMA WOTE: ASIYEIJUA STESHENI ASIACHIWE STESHENI

Ndugu wanachama,

Tunaomba taarifa hii uisome yote kabla hujajibu kwenye kundi. Jambo lenyewe tutalipigia kura kwenye mkutano wa tawi Jumapili, na tangu juzi maneno yamekuwa mengi kuliko hoja.

*PENDEKEZO LENYEWE*

Kamati imependekeza tawi lipeleke kata, na kata ipeleke jimbo, dai moja: mtumishi yeyote anayepangiwa kufanya kazi kwenye stesheni ya reli zaidi ya moja apewe mafunzo ya kuijua kila stesheni kabla hajapangiwa zamu pale. Tunasema kila stesheni, kwa maana ya jengo lenyewe: milango yake, majukwaa yake, swichi zake, funguo zake, njia zake za kutokea na watu wa kuwapigia simu pale mambo yanapoharibika.

Pendekezo linamhusu anayekata tiketi, anayeongoza abiria jukwaani, mlinzi, msafishaji na anayekaimu nafasi ya msimamizi. Linahusu aliyeajiriwa moja kwa moja na aliyeletwa na mkandarasi.

Baadhi yetu wamesema jambo hili ni dogo na halistahili muda wa chama. Wengine wamesema ni la kitaalamu, tuwaachie wataalamu. Wapo waliosema tunawatisha watu na reli ambayo nchi nzima inajivunia. Tutawajibu wote.

*KWA NINI SASA*

Safari za SGR kati ya Dar es Salaam na Morogoro zilianza tarehe 14 Juni 2024, na tarehe 25 Julai mwaka huohuo treni ikafika Dodoma. Ujenzi unaelekea Tabora, Isaka, Mwanza na Kigoma. Kila kipande kinachofunguliwa kinaleta stesheni mpya, na kila stesheni inahitaji watu. Shirika lolote linalokua kwa kasi hiyo hufika mahali ambapo majengo ni mengi kuliko watumishi waliozoea. Hapo ndipo linapozaliwa wazo la mtu mmoja kushika stesheni mbili au tatu: leo hapa, kesho pale, keshokutwa kamkaimu mwenzake aliyeugua.

Sisi hatupingi mtu kuzunguka. Mtumishi anaugua, anajifungua, anafiwa, anakwenda likizo, na stesheni haiwezi kufungwa kwa sababu hiyo. Tunachopinga ni mtu kufikishwa asubuhi kwenye jengo ambalo hajawahi kulitembea, akakabidhiwa funguo na kizibao cha kuakisi mwanga, akaambiwa "utazoea". Abiria anayemwona na kizibao hajui kwamba mwenzake naye ndiyo kwanza anaingia. Anaamini yule mwenye kizibao anajua pa kutokea. Imani hiyo ndiyo tunayotaka ilindwe.

Kanuni huwekwa mapema, kabla mazoea hayajawa sheria. Tukisubiri reli ifike Mwanza na Kigoma ndipo tuulize, tutakuta ratiba za zamu zimeshapangwa, mikataba ya ulinzi na usafi imeshasainiwa, na jibu litakuwa "tumefanya hivi miaka yote".

*TUNAJIBU HOJA YA KWANZA: "Stesheni zote zimejengwa kwa mtindo mmoja. Ukiijua moja umezijua zote."*

Hii ndiyo hoja iliyopendwa sana kwenye kundi, na ndiyo dhaifu kuliko zote.

Mwenye kusema hivyo apande treni aangalie. Stesheni ya Dar es Salaam ni jengo la ghorofa katikati ya jiji, lenye lifti, ngazi za umeme na umati wa watu. Pugu, Soga, Ruvu na Ngerengere ni stesheni ndogo za njiani. Anayetoka Dar es Salaam akapelekwa Soga anakuta umati mdogo, lakini anakuta pia kwamba msaada uko mbali. Anayetoka Soga akapelekwa Dar es Salaam anakuta msaada uko karibu, lakini watu ni wengi na milango ni mingi. Hawa wawili wanahitaji kujua mambo tofauti, hata kama rangi ya ukuta na sare ni zilezile.

Ukivuka Morogoro mambo yanabadilika zaidi. Ukanda wa Kilosa una milima na mahandaki. Kati ya Kilosa na Gulwe ndiko bonde la mto Mkondoa lilikotesa reli ya zamani kwa mafuriko miaka nenda rudi. Mafuriko ya mwanzoni mwa 2010 yaliibomoa na kukata safari. Mtumishi wa Kidete au Gulwe anapaswa kujua masika yanaleta nini, barabara ipi inapitika mvua ikinyesha, na gari la wagonjwa linaweza kufika kutoka upande gani. Mambo hayo hayamo kwenye ramani ya jengo. Mtu anayajua kwa kuonyeshwa na aliyepo.

Hata stesheni mbili zilizochorwa na mkono mmoja hazibaki pacha. Moja mlango wa nyuma unafungwa kwa kufuli kwa sababu ya wizi, nyingine uko wazi. Moja kabati la mitungi ya kuzimia moto limezibwa na maboksi, nyingine liko peupe. Moja king'ora kinasikika hadi chooni, nyingine hakisikiki. Mfanano wa majengo ndio unaoponza, kwa sababu mtu anakimbilia pale alipozoea kukuta mlango na anakuta ukuta.

*TUNAJIBU HOJA YA PILI: "Walishafundishwa chuoni."*

Chuoni mtu anafundishwa moto ni nini, mtungi unabanwaje, majeruhi anabebwaje, na kwa nini usikaribie nyaya. Ni elimu muhimu na hatuibezi. Lakini chuo hakiwezi kumwambia mtumishi kwamba kwenye stesheni fulani swichi kuu ya umeme wa jengo iko nyuma ya chumba cha mizigo, na funguo anazo mlinzi wa zamu ya usiku ambaye ameshaondoka.

Mwanachama wetu mmoja aliyewahi kuwa mlinzi wa kampuni moja, ambayo hatuitaji, alituambia kwamba aliwahi kubadilishiwa malindo matatu ndani ya wiki moja. Kwenye lindo la tatu umeme ulikatika usiku. Alikuwa na cheti, sare na tochi. Hakujua jenereta iko wapi wala nani ana funguo za chumba chake. Kilichofuata ni saa nzima ya kupapasa gizani na kupiga simu zisizopokelewa. Bahati nzuri lile lilikuwa ghala la bidhaa, na magunia hayakimbii yakakanyagana. Sasa uweke mahali pale abiria mia tatu, wazee, watoto na mama mwenye mzigo kichwani.

Kuna jambo jingine la reli ya umeme. Nyaya za juu za SGR zina volti 25,000. Umeme wa nguvu hiyo hausubiri uguse waya, kwani kusogea karibu mno kunatosha kuua. Moto ukiwaka karibu na njia, mtu wa kawaida atakimbilia ndoo ya maji. Kurusha maji kuelekea nyaya zenye umeme ni kujiua. Mtumishi wa stesheni ndiye wa kusimama mbele ya watu hao na kusema "acheni", na ndiye wa kujua apige simu namba gani ili umeme ukatwe, na nani atamthibitishia kwamba umekatwa kweli. Kanuni ya jumla ameipata chuoni. Simu iko wapi hapa, namba ni ipi hapa, uzio una geti wapi hapa, hayo anayapata stesheni.

Mwishoni mwa Julai 2024, siku chache tu baada ya safari za Dodoma kuanza, treni ilisimama njiani kwa hitilafu ya umeme, na nchi nzima ikacheka habari za ngedere na bundi. Hata sisi tulicheka. Lakini treni iliyosimama porini ina watu ndani. Joto linapanda, mtoto analia, mmoja anataka kufungua mlango ashuke. Watumishi wa stesheni mbili zilizo karibu ndio watakaoulizwa: geti la uzio liko wapi, gari linafika wapi, maji yanapatikana wapi. Siku hiyo ikikuta wageni kwenye stesheni zote mbili, hakuna atakayejibu.

*TUNAJIBU HOJA YA TATU: "Mtu mwenye akili timamu atajiongeza."*

Ndugu zetu, ushujaa hauna shida katika nchi hii. Watu wetu wanaingia majini na motoni kuokoa wasiowajua. Shida ni ushujaa unapokosa ufahamu wa kitu kilicho mbele.

Tukumbuke MV Bukoba, tarehe 21 Mei 1996. Meli ilipinduka, watu wakasikika wakigonga kutoka ndani, na waliotaka kuwaokoa wakatoboa bodi ya meli. Hewa iliyokuwa imewabakishia uhai ikatoka na meli ikazama. Waliotoboa hawakuwa wabaya. Hawakuwa na mtu pale mwenye ufahamu wa meli ile wa kuwaambia wasitoboe.

Mfano ulio karibu zaidi na hoja yetu uko London. Tarehe 18 Novemba 1987, saa za jioni watu wakirudi makwao, moto mdogo uliwaka chini ya ngazi ya umeme ya mbao kwenye stesheni ya King's Cross ya treni za chini ya ardhi. Taarifa ya kwanza ilitolewa saa 1:30 usiku. Dakika kumi na tano baadaye moto ulilipuka na kuufunika ukumbi wa tiketi. Watu 31 walikufa, akiwemo ofisa wa zimamoto aliyekuwa ameshuka kuwasaidia abiria.

Serikali ya Uingereza iliunda tume chini ya mwanasheria Desmond Fennell, na ripoti yake ilitoka mwaka 1988 ikiwa na mapendekezo 157. Kilichobainika kinapaswa kumsumbua kila anayesema "atajiongeza". Chini ya ngazi ile kulikuwa na vifaa vya kunyunyizia maji vilivyowekwa kwa ajili ya moto wa aina hiyohiyo. Havikutumika. Hakukuwa na mpango wa kuwahamisha watu ambao watumishi waliufahamu na kuufanyia mazoezi. Abiria waliokuwa chini walielekezwa juu kupitia ngazi nyingine, na ngazi hizo ziliwatoa kwenye ukumbi uleule uliokuwa unakaribia kulipuka.

Watumishi wale hawakuwa wavivu wala wajinga. Walikuwa watu wa kawaida waliowekwa kwenye jengo gumu bila kuandaliwa kwa ajili ya jengo hilo. Baada ya hapo Uingereza ilitunga kanuni mwaka 1989 za tahadhari ya moto kwa stesheni za chini ya ardhi, na mafunzo ya watumishi yakawa takwa la kisheria. Wao walijifunza baada ya maiti 31. Sisi tumepewa somo hilo bure, na tunaambiwa tusilipokee kwa sababu "watajiongeza".

Mmoja wetu aliandika kwamba hiyo ni historia ya zamani. Basi tumpe ya karibu. Tarehe 5 Mei 2023, hapohapo London, treni ilisimama stesheni ya Clapham Common ikiwa na moshi. Abiria waliona hakuna anayewaeleza kinachoendelea, wakavunja vioo na kutokea madirishani. Hakuna aliyekufa. Wachunguzi wa ajali za reli wa Uingereza walieleza kwamba watumishi hawakuwa wamepewa taratibu na mafunzo ya kutosha ya kukabili hali ambapo hofu ya abiria inapanda ghafla. Kama wenye uzoefu wa zaidi ya miaka mia moja na hamsini bado wanakutwa na hilo, sisi tulioanza juzi tunapata wapi jeuri ya kusema hatuhitaji?

*TUNAJIBU HOJA YA NNE: "Mtapandisha gharama."*

Ndiyo, mafunzo yana gharama. Mtu akitembezwa stesheni kwa saa tatu, saa hizo zinalipwa na nauli yake inalipwa. Hatufichi.

Lakini tuulize gharama inabebwa na nani sasa. Mtumishi anayepelekwa mahali asipopajua anabeba hatari ya mwili wake na lawama ya watu wengine. Ikitokea ajali, kitu cha kwanza kitakachosomwa ni daftari la zamu, na jina lake litakuwemo. Ataulizwa kwa nini hakufungua mlango wa dharura ambao hakuna aliyemwonyesha. Huo ndio ubanaji matumizi tunaopigiwa debe: anayepanga zamu anaokoa saa tatu, anayepangiwa anakabidhiwa kesi.

Na tusisahau bei ya makosa ya reli katika nchi hii. Tarehe 24 Juni 2002, eneo la Igandu, Dodoma, treni ya abiria iliyobeba zaidi ya watu 1,200 ilirudi nyuma mlimani na kugongana na treni ya mizigo. Watu 281 walikufa. Ajali ile haikutokea kwa sababu ya mtumishi kutoijua stesheni, na hatutaki mtu yeyote aigeuze ionekane hivyo. Tunaitaja kwa sababu moja: reli inabeba watu wengi kwa wakati mmoja, kwa hiyo kosa moja la reli halihesabiwi kama kosa moja la bodaboda. Leo treni inakimbia hadi kilomita 160 kwa saa. Anayepima gharama ya saa tatu za mafunzo apime pia upande wa pili wa mizani.

*TUNAJIBU HOJA YA TANO: "Walinzi na wasafishaji waondolewe, wao si watumishi wa reli."*

Kuna mwanachama amependekeza tukipitishe kifungu cha wakata tiketi na wasimamizi, tukiache cha walinzi na wasafishaji ili pendekezo lipite kirahisi kwenye kata. Kamati imekataa, na inaomba mkutano nao ukatae.

Nani yuko stesheni saa kumi alfajiri? Mlinzi na msafishaji. Nani anaingia vyooni, vyumba vya nyuma, chini ya ngazi, mahali moto unapoweza kuanza bila kuonekana? Msafishaji. Nani ana funguo za mageti usiku? Mlinzi. Halafu hao ndio wanaohamishwa mara nyingi zaidi kuliko wote, kwa sababu mkandarasi ana malindo mengi na watu wachache. Ukiwaondoa hao kwenye mafunzo, umewaondoa wale watakaouona moshi wa kwanza.

Abiria naye haulizi mkataba wa mtu. Mzee anayeanguka kwenye ngazi anamshika mkono aliye karibu. Abiria wa kiti cha magurudumu aliye ghorofani lifti ikiwa imezimwa anamuuliza yeyote mwenye sare: nisubiri wapi, nani atakuja kunichukua? Jibu la "mimi ni wa usafi tu" halitamshusha chini.

Tena tusijidanganye kwamba sheria iko kimya. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri kutoa taarifa, maelekezo, mafunzo na usimamizi kwa wafanyakazi wake. LATRA imepewa jukumu la kudhibiti usafiri wa ardhini, reli ikiwemo, na usalama ni sehemu ya kazi hiyo. Tunachodai ni neno "mafunzo" lipewe maana kwa mtu anayezunguka, lisiishie kwenye cheti cha mwaka juzi kilichopatikana mji mwingine.

*TUNAJIBU HOJA YA SITA: "Chama kisiingilie mambo ya kitaalamu."*

Hatumfundishi mhandisi namna ya kutandika reli. Tunauliza kama mtu aliyeachiwa abiria wetu anajua mlango uko wapi. Swali hilo anaweza kuuliza mama lishe, dereva wa bodaboda na mwanafunzi. Reli hii imejengwa kwa kodi na mikopo tutakayoilipa sote. Waliomo ndani ya behewa ni wazazi wetu, na watumishi wengi ni vijana wetu. Chama kisichoweza kusema neno juu ya hilo kimebaki na kazi gani, kugawa fulana?

Na wanaosema tunaitia doa reli wanakosea. Anayeipenda nyumba yake ndiye anayeuliza kama mlango wa nyuma unafunguka.

*MADAI YETU SABA*

Haya ndiyo yatakayosomwa mkutanoni, mstari kwa mstari:

1. *Kutembezwa kwanza.* Hakuna mtu kupangiwa zamu kwenye stesheni kabla hajatembezwa stesheni yote kwa miguu na mtu anayeifahamu. Atakayefanya zamu ya usiku atembezwe usiku pia, kwa sababu jengo la usiku si lile la mchana.

2. *Karatasi moja ya kila stesheni.* Iandikwe kwa Kiswahili cha kueleweka: njia zote za kutokea na zipi hufungwa saa ngapi, mitungi ya kuzimia moto, king'ora na kipaza sauti, swichi kuu na jenereta, funguo ziko kwa nani, simu ya kituo cha kuongozea treni na utaratibu wa kuomba umeme wa njia ukatwe, namba 114 ya Zimamoto, hospitali au zahanati iliyo karibu, mahali pa kuwakusanya abiria, na mahali pa kumsubirisha asiyeweza kutumia ngazi.

3. *Sahihi mbili.* Asaini aliyefundisha na aliyefundishwa. Aliyefundishwa awe na haki ya kukataa kusaini kama hajaonyeshwa. Karatasi iliyosainiwa ofisini bila kutembea ihesabiwe kuwa udanganyifu.

4. *Mafunzo yawe na mwisho.* Mtu asiyefanya kazi kwenye stesheni kwa miezi sita atembezwe upya. Jengo likibadilishwa, mlango ukizibwa au kifaa kikihamishwa, wote wanaozunguka pale wajulishwe kabla ya zamu inayofuata.

5. *Yafanyike ndani ya muda wa kazi na yalipwe,* pamoja na nauli. Mafunzo ya kujitolea siku ya mapumziko hayakubaliki.

6. *Kusema "siijui" kusiwe kosa.* Mtumishi aliyepelekwa kwenye stesheni asiyotembezwa aseme hivyo kwa maandishi, asiachwe peke yake, asikatwe mshahara, asinyimwe mkataba. Kipengele hiki kikiondolewa, vingine vyote ni mapambo, kwa sababu kibarua anayeogopa kukosa kesho atasaini chochote leo.

7. *Mazoezi ya dharura kwenye kila stesheni,* ndogo kwa kubwa, yakiwashirikisha Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, hospitali ya karibu na serikali ya kijiji au mtaa. Kwenye stesheni za njiani, wanakijiji ndio watakaofika kabla ya gari lolote. Nao waonyeshwe geti ni lipi na waya ni upi.

*KAZI YA KILA MWANACHAMA KABLA YA JUMAPILI*

Kwanza, njoo mkutanoni. Pendekezo hili linaweza kuanguka kwa kukosa akidi, na wanaolipinga wanalijua hilo.

Pili, kama wewe au ndugu yako anafanya kazi stesheni, lindo au kituo chochote cha usafiri na anazunguka zaidi ya sehemu moja, mwombe akuambie mambo matatu tu: alitembezwa? alisaini nini? angejua pa kutokea taa zikizimika sasa hivi? Majibu mletee Katibu ana kwa ana. *Usiandike jina la mtu wala la mwajiri wake kwenye kundi.* Kundi lina watu wengi, na kibarua cha mtu hakirudi kwa kuombana radhi.

Tatu, mwenye hoja ya kupinga aje nayo. Tumejibu sita kwa sababu ndizo tulizozisikia. Ya saba tutaijibu mkutanoni. Ila hatutapokea picha za vikatuni wala sauti za dakika tano za kukejeli watu.

Nne, diwani na mbunge watapelekewa nakala ya azimio siku inayofuata baada ya kura. Tutawaomba watujibu kwa maandishi lini watalifikisha kwa wahusika. Tutawapa mwezi mmoja, kisha tutaweka jibu lao hapa, au tutaweka hapa kwamba hawakujibu.

Ndugu wanachama, tunachoomba ni kitu kidogo sana kikilinganishwa na ukubwa wa reli yenyewe: saa chache za kutembea, karatasi moja, sahihi mbili, na ruhusa ya mtu mnyonge kusema "hapa bado sijapajua". Atakayetuambia hata hilo ni zito, atueleze mbele ya mkutano ni uhai wa nani anaouona mwepesi.

Tukutane Jumapili, saa nne kamili asubuhi, mahali petu pa siku zote. Njoo na kadi yako.

*Imetolewa na:*
Katibu wa Tawi,
kwa niaba ya Kamati ya Utendaji ya Tawi.

_Tafadhali msomee na mwanachama asiye na simu janja._